Neno «rubbery» na mpira ya Kongo yetu



Leo sileti siasa wala habari ya uchaguzi wa komite. Naleta neno moja tu ya Kiingereza: «rubbery». Wale kati yetu wanaofundisha Kiingereza kwenye sekondari wanalijua. Liko katika ile orodha ya vivumishi vinavyoeleza namna kitu kinavyosikika mkononi ao mdomoni: laini, kigumu, chenye kukwaruza, chenye kunata, na kadhalika. Ukifungua diksionere ya Kiingereza na Kifaransa, unakuta «caoutchouteux», basi. Mwanafunzi anaandika kwenye kaye yake, mwalimu anafuta ubao, mnaenda mbele.

Mimi naona hili neno lisipite hivyo mbele ya Mkongomani. Tuanze na maana yake na matumizi yake, juu mitihani iko. Kisha tuone limetoka wapi na limepitia wapi. Mwisho nitasema juu ya nini nimelileta hapa.

1. Maana na matumizi

«Rubbery» limejengwa na «rubber», yaani mpira, na kiishio «-y». Waingereza wanapenda sana kiishio hiki. Kwa «water», maji, wanapata «watery». Kwa «sand», mchanga, wanapata «sandy». Kwa «milk», maziwa, wanapata «milky». Mara mingi «-y» inakuambia kitu kinafanana na nini, ao kimejaa nini. Haikuambii kimetengenezwa na nini.

Hapo ndipo wanafunzi wetu wanateleza. Wanaandika «rubbery boots» wakitaka kusema ile mabuti ya mvua. Mwingereza atawaelewa, lakini atashangaa kidogo. Buti iliyotengenezwa kwa mpira ni «rubber boot», bila «-y». «Rubbery» tunaliweka kwa kitu ambacho kwa kawaida si mpira, lakini ukikibonyeza ao ukikitafuna unasema: ii, hii iko sawa mpira!

Matumizi ya kwanza, na ndiyo makubwa, ni ya chakula. Yai likikaa motoni kupita kiasi, protini zake zinakazana na kukamua maji, na sehemu nyeupe inakuwa «rubbery». Ngisi akipikwa vibaya, ni «rubbery». Kuku, uyoga, jibini, vilevile. Karibu kila mara ni lawama. Ukialikwa kwa mtu, usimwambie mama wa nyumba kwamba chakula chake ni «rubbery», hata kama umetafuna mpaka taya zimechoka.

Tutofautishe na jirani zake. Nyama «tough» ni ngumu: kisu kinakataa, jino linakataa. Kitu «chewy» kinataka kutafunwa kwa muda, na kinaweza kuwa kitamu. Mkate unaweza kuwa «chewy» na watu wakausifu. «Rubbery» ni mambo ingine: jino linaingia, kitu kinakubali, halafu kinarudi pahali pake kama vile haukufanya kitu. Hapo ndipo ladha ya neno iko: kukubali na kurudi.

Kivumishi cha namna hii kinabeba pia hukumu ya mtu anayekula. Mpe chikwange mgeni ambaye hajaizoea, anaweza kusema ni «rubbery» na kuiacha kwenye sahani. Mtu wa Mbandaka atakuambia imefungwa vizuri na imeiva. Chikwange ni ile ile. Mdomo ndio umebadilika.

Matumizi ya pili ni ya mwili. Mtu aliyekimbia sana, ao aliyepata woga mukubwa, Mwingereza anasema miguu yake imekuwa «rubbery». Sisi tunasema miguu inalegea, magoti yanakosa nguvu.

Ya tatu ni ya sayansi. Wale waliosoma kemia wanajua kwamba plastiki na jamaa zake zina hali mbili mbalimbali kufuatana na joto. Chini ya kiwango fulani cha joto, kitu kinakuwa kigumu na chenye kuvunjika sawa kioo. Juu ya kiwango hicho kinalainika, na Waingereza wanaita hali hiyo «rubbery». Hapo hakuna lawama, ni istilahi tu.

Ya nne inatoka Australia, na naomba muishike vizuri juu nitairudia. Waaustralia wanasema «rubbery figures», yaani namba za mpira. Ni namba ambazo mtu anaweza kuzivuta apendavyo: bajeti iliyopambwa, hesabu ya wapiga kura isiyoeleweka, ripoti ambayo mkubwa ameinyoosha kidogo ipendeze. Namba haikuvunjika, imevutwa tu.

Kwa Kiswahili hatuna kivumishi kimoja cha hayo yote. Tunasema kitu kinavutika, kinanesa, kinadunda, ao tunasema tu «iko sawa mpira». Na hiyo inatosha.

2. Jina lilianza kwa kufuta

Sasa, kwa nini Waingereza wanaita mpira «rubber»? Wafaransa wanasema «caoutchouc», neno lililotoka katika lugha za wenyeji wa Amerika ya Kusini. Msomi Mfaransa Charles Marie de La Condamine alikuwa huko kwa kazi ya kupima dunia, na mwaka 1736 alituma Paris vipande vya utomvu huo mkavu. Wenyeji walikuwa wameujua tangu zamani sana; walitengeneza nao mipira ya kuchezea, viatu na vyombo visivyopitisha maji. Wafaransa wakachukua kitu pamoja na jina lake.

Waingereza walichukua kitu wakakipa jina la kazi waliyokiona nayo. Mwaka 1770 Joseph Priestley, yule yule ambaye wanafunzi wa kemia wanamjua kwa habari ya oksijeni, aliandika katika kitabu chake cha kuchora kwamba ameona kitu kizuri sana cha kuondoa alama za penseli kwenye karatasi. Alisema kinauzwa London kwa Edward Nairne, mtengenezaji wa vyombo vya sayansi, kipande cha nusu inchi kila upande kwa shilingi tatu, na kinadumu miaka kadhaa. Kusugua kwa Kiingereza ni «rub». Kitu cha kusugua ni «rubber». Basi jina likakaa. Mara mingi walisema «India rubber», lakini hiyo India si ya Bombay. Ni zile «Indies» za Amerika, fasi ambayo Wazungu wa kwanza waliipa jina hilo.

Mpaka leo mwanafunzi wa London anaomba «rubber» akitaka ile tunayoita gome. Wandugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaiita raba, na raba ni hilo hilo neno la Kiingereza. (Lakini tahadhari kwa wale wanaosafiri: huko Marekani gome ni «eraser». Ukiomba «rubber» kati ya darasa, watu watacheka, juu kwao ni kondomu.)

Kwa hiyo ndani ya «rubbery» mna «rubber», na ndani ya «rubber» mna kazi ya kufuta maandiko. Mimi sikusudii kusema kwamba Waingereza walipanga hivyo. Maneno yanazaliwa bila kujua yatakwenda wapi.

3. Kutoka gome mpaka tairi

Kwa miaka mingi mpira ulikuwa kitu cha kuchezea tu. Mwaka 1823 Charles Macintosh, wa Scotland, alipata hati ya uvumbuzi ya nguo isiyopitisha mvua: kitambaa juu, kitambaa chini, mpira katikati. Lakini makoti ya mpira ya wakati ule yalikuwa na shida: baridi ikikaza yanakuwa magumu, jua likiwaka yananata na kunuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear akagundua kwamba ukipika mpira pamoja na salfa, unaacha kunata na unashika tabia yake katika joto na katika baridi. Huko Uingereza Thomas Hancock naye akafanya kazi hiyo hiyo na kupata hati yake. Waliiita «vulcanization», kwa jina la Vulcan, mungu wa moto wa Waroma wa zamani.

Hiyo tabia ya kukubali na kurudi, ambayo kivumishi chetu kinaisema, ilipata nguvu ya kudumu pale ndipo. Halafu mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop akatengeneza tairi yenye hewa kwa kinga ndogo ya mtoto wake. Kinga zikaenea Ulaya na Marekani, kisha motokari zikafuata. Mashini za fabrika zilitaka mikanda, waya za umeme zilitaka kufunikwa. Kila mtu akataka mpira, na mingi, na haraka.

Mpira ulitoka wapi? Wakati ule hasa kutoka msitu. Brazil ilikuwa na mti wake mukubwa. Waingereza walikuwa wamechukua mbegu zake: mwaka 1876 Henry Wickham alifikisha London mbegu kiasi cha 70,000, na miche ikapelekwa Asia. Lakini mti unataka miaka kabla ya kutoa utomvu, na mashamba makubwa ya Asia yalichelewa. Katikati ya kungojea huko kulikuwa na miaka 20 hivi ya faida kubwa kwa yeyote aliyekuwa na msitu wenye mpira wa pori na watu wa kuukusanya.

Mnajua sasa tunafika wapi.

4. Kampuni iliyobeba neno katika jina lake

Kongo haikuwa na ule mti wa Brazil, lakini ilikuwa na mitambaazi ya mpira inayopanda miti mikubwa ya msitu wetu. Leopold II alipata utawala wake juu ya Kongo mwaka 1885, baada ya Mkutano wa Berlin. Mwaka huo huo serikali yake ilitangaza kwamba udongo wote ulio «wazi» ni mali ya Dola. Mwaka 1891 amri nyingine ikaweka pembe za ndovu na mpira mikononi mwa Dola. Msitu ambao mababu walikuwa wanawinda ndani yake, wakachuma ndani yake, ukawa kwa kalamu moja msitu wa mtu aliye Brussels.

Mwaka 1892 kampuni moja ilianzishwa kwa pesa za Wabelgiji na Waingereza, ikapewa bonde la mito Lopori na Maringa, kule Equateur, na makao yake yakawa Basankusu. Wanahistoria wanaita kampuni hii Abir. Watu wengi wanadhani ni jina la mtu. Hapana. Ni herufi za mwanzo za Anglo-Belgian India Rubber. Muone: lile jina la gome ya London, «India rubber», likapandikwa kwenye mlango wa ofisi kati ya msitu wetu, kwa watu ambao hawakuwahi kuona penseli.

Kazi ilikuwa hivi. Kila mwanaume alipaswa kuleta kilo tatu ao ine za mpira mkavu kila wiki mbili. Mitambaazi ya karibu na kijiji ikakauka upesi juu watu waliikata kwa haraka. Ikabidi kwenda mbali, kulala msituni katika mvua na baridi, kupanda juu ya miti. Utomvu mingine waliupaka kwenye mikono, kifua na mapaja, ukauke hapo, halafu waubandue pamoja na nywele za mwili. Malipo yalikuwa chumvi kidogo, kitambaa kidogo, ao hakuna. Asiyefikisha kilo alipigwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Wanawake walifungwa mpaka waume zao walete mpira. Kijiji kilichokataa kilipelekewa askari.

Na ile habari ya mikono. Askari alipewa risasi kwa hesabu, na alitakiwa kuonyesha kwamba hakuzitumia kwa kuwinda nyama. Ushahidi ulikuwa mkono wa kuume wa maiti. Pale risasi ilipokosa mtu, ao ilipotumiwa kwa nyani, mkono ulikatwa kwa mtu aliye hai.

Mwaka 1904, huko Baringa, katika eneo la Abir, mwanaume aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwa wamisionari na majani yaliyofungwa. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa mtoto wake Boali, wa miaka mitano. Walinzi wa kampuni walikuwa wamewaua mtoto na mama yake. Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiwa ameketi kwenye baraza, anaangalia vile viungo vidogo mbele yake. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani. Wengi kati yenu mumeiona.

5. Namba za mpira, na vijiti vya Lontulu

Nilisema nitarudi kwa Waaustralia na «rubbery figures» zao. Ni hapa.

Mtu aliyefungua macho ya Waingereza wengi hakuwa mpelelezi. Edmund Dene Morel alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya meli ya Liverpool iliyobeba mizigo kati ya Antwerp na Kongo. Kazi yake ilikuwa karatasi na hesabu. Akaona kwamba meli zinaingia zimejaa mpira na pembe, lakini zinazokwenda Kongo zinabeba hasa bunduki na risasi, na bidhaa za biashara kidogo sana. Akaona pia kwamba namba zilizotangazwa haziendi na namba za mizigo. Akauliza: kama hakuna kitu kinacholipwa, watu hawa wanafanya kazi juu ya nini? Jibu lilikuwa moja tu. Akaacha kazi, akaanza kuandika. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alisafiri ndani ya nchi mwaka 1903, na ripoti yake ikatoka mwaka 1904. Mwaka 1906 Morel akatoa kitabu chake «Red Rubber», yaani mpira mwekundu. Kwa mara ya kwanza wasomaji wengi wa Kiingereza waliona neno lao la shule likiwa na rangi ya damu.

Leopold naye akalazimika kutuma komisioni ya uchunguzi, ambayo ilisikiliza mashahidi mwaka 1904 na 1905. Pale Baringa akaja chifu mmoja wa Bolima, jina lake Lontulu. Hakujua kuandika kwa Kifaransa. Alileta vijiti 110. Kila kijiti mtu mmoja aliyeuawa juu ya mpira. Vijiti havikuwa sawa kwa urefu, juu alitaka machifu, wanaume, wanawake na watoto wajulikane mbalimbali. Akaviweka mbele ya wazungu wa komisioni, na akawataja waliokufa.

Mimi kila mara nafikiri juu ya zile vijiti. Ripoti ya komisioni ilichapishwa mwaka 1905, lakini maneno yenyewe ya mashahidi hayakuchapishwa. Yalifungwa katika kabati za Brussels kwa miaka mingi. Mwaka 1908, kabla Kongo haijawa koloni ya Ubelgiji, Leopold alichoma karatasi za Dola yake. Moto ulidumu siku nane. Tukumbuke tu kwamba kazi ya kwanza ya «rubber» ilikuwa kuondoa maandiko.

Ndiyo sababu mpaka leo hesabu ya waliokufa inavutwa. Utasikia milioni kumi; utasikia kidogo kuliko hiyo; utasikia zaidi. Mwaka 1885 hakuna aliyehesabu watu wa Kongo, kwa hiyo kila namba ya jumla ni makadirio, na wasomi wanabishana kwa haki. Lakini tusiache mabishano hayo yatudanganye. Namba ya jumla inaweza kuwa «rubbery». Vijiti vya Lontulu si «rubbery». Ni 110. Boali ni mmoja. Anayesema kwamba kwa kuwa jumla haijulikani basi hakuna kitu kilichotokea, huyo anatumia mpira kama vile London walivyoutumia mwaka 1770: anafuta.

6. Na sisi tuliuitaje?

Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno mpira. Ni jina la mmea, ni jina la utomvu wake uliokauka, ni jina la kile kitu cha mviringo ambacho watoto wanapiga teke. Sisi huku tunaongeza: mupira ya kinga, mupira ya motokari. Wandugu zetu wa Lingala wanasema «ndembo», na ndembo ni mpira wa mti na pia mpira wa miguu. Lugha hizi mbili zimefanya sawa: zimepeleka neno kwa mchezo. Jumapili jioni, uwanja umejaa, watu wanaimba, hakuna anayefikiri juu ya Basankusu. Na mimi sioni vibaya. Watu wana haki ya kucheza.

Lakini tusidhani mambo yaliisha mwaka 1908. Wakati wa Vita ya Pili ya dunia, Wajapani walipochukua mashamba ya Asia mwaka 1942, Washirika walikosa mpira. Serikali ya koloni ikapandisha siku za kazi ya lazima kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, na watu wa vijiji wakarudishwa msituni kutafuta mpira wa pori. Katika familia mingi bado kuna mzee aliyesikia habari hiyo kwa mdomo wa baba yake. Ukikaa naye vizuri, atakuambia kwa sauti ya chini: «Banatutuma mu pori tena juu ya mpira, sawa wakati wa bankambo.»

7. Juu ya nini nalileta hapa

Najua mtu atauliza: mwalimu wa Kiingereza ana dakika 45, wanafunzi 70, kitabu kimoja, unataka afundishe yote haya kwa kivumishi kimoja? Hapana. Afundishe kwanza mayai na ngisi, juu mtihani utauliza mayai na ngisi. Mtoto ajue «rubber boots» na «rubbery eggs» si kitu kimoja. Hiyo ni haki yake.

Lakini achukue dakika tano. Aandike ubaoni: «rub», «rubber», «India rubber», Abir, «rubbery». Aseme: Waingereza wanaona hapo yai lililopikwa vibaya. Sisi tunaona yai, na tunaona pia Basankusu. Mwanafunzi atakayesikia hivyo hatasahau neno, na hatasahau nchi yake. Tunalia kila siku kwamba vijana hawapendi historia. Historia tunaifungia katika saa moja ya wiki, kama vile haimo katika Kiingereza, katika kemia, katika jeografia.

Jambo la pili linatuhusu sisi wakubwa. Huku Mashariki tumezika watu kwa miaka mingi sasa. Kila mara ripoti inatoka na namba, na kila mara namba inavutwa: huyu anaongeza, huyu anapunguza, wengine wanakataa kabisa. Sisi ambao tulipata bahati ya kusoma tunabishana juu ya jumla, tukituma ripoti moja baada ya nyingine. Lontulu hakusoma. Alifanya kazi ambayo sisi wenye diplome hatujaifanya katika mitaa mingi: alihesabu wa kwao, mmoja mmoja, akajua nani ni mtoto na nani ni mzee.

Napendekeza hivi kwa chama chetu. Kila mwanachama, kwa kijiji chake ao mtaa wake, aandike majina. Si makadirio. Majina, mwaka, fasi, mtoto wa nani. Kama mzee bado iko, umuulize leo, usingoje likizo. Tuandike kwenye karatasi na kwenye kompyuta, nakala zaidi ya moja, na zisikae kwa mtu mmoja. Moto wa siku nane ulitosha kwa karatasi zilizokuwa fasi moja tu.

Wale wa idara ya historia, naomba mutuambie namna nzuri ya kuanza: maswali gani, fomu gani, nani atashika nakala. Wale wa Equateur, kama kwenu bado kuna nyimbo ao hadithi za wakati wa mpira, mutuandikie. Na walimu wa Kiingereza, mukishajaribu zile dakika tano, mutuletee majibu ya watoto.